Septemba 1972: Uvamizi Ulioshindwa na Ukimya Uliofuata

Septemba 17, 1972, wapiganaji zaidi ya elfu moja, wengi wao wafuasi wa rais aliyepinduliwa Milton Obote, walivuka mpaka kutoka Tanzania kuingia Uganda wakitaka kumng'oa Idi Amin. Baada ya siku chache walikuwa wameshatawanywa. Namna walivyoshindwa imeelezwa mara nyingi. Yaliyofuata hadharani hayajachambuliwa vya kutosha: nani alisema, nani alinyamaza, na nani aliyebeba gharama.

Kwanza, mpango wenyewe. Kundi moja lilipita Mutukula kuelekea Masaka. La pili, ambamo alikuwamo Yoweri Museveni na wenzake wa kundi lake la waasi, FRONASA, lilikwenda Mbarara. La tatu lilikuwa lishuke Entebbe kwa ndege. Ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilichukuliwa Dar es Salaam ikapakie makomando Kilimanjaro, lakini matairi yakapasuka ilipotua huko, na shambulio la Entebbe likafia hapo. Makundi ya nchi kavu yaliendelea bila nguzo hiyo, yakitumaini kwamba wananchi na baadhi ya askari wa Uganda wangeinuka. Hawakuinuka.

Amin alikuwa mwepesi wa kusema. Alitangaza kwamba Tanzania imeivamia nchi yake, na ndege zake zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Kwa watu wa Kalemela, wilayani Busega, hii haikuwa habari ya mbali: Busega, ambayo leo iko Simiyu, wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza, na mji uliopigwa ulikuwa makao makuu ya mkoa wao. Libya nayo ikamtumia Amin askari kwa ndege. Sudan ilizizuia Khartoum, lakini hatimaye zikafika Entebbe.

Ndani ya Uganda, uvamizi ulioshindwa ukageuzwa kibali cha kuwasaka wapinzani. Septemba 21, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa katika Mahakama Kuu na hakurudi tena. Februari 1973, watu walioshtakiwa kwa kuwasaidia waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, umati ukitazama. Adui alikuwa ameshaondoka, lakini kitisho chake kiliendelea kutumika dhidi ya raia.

Tanzania ilichukua njia tofauti. Ilikana kwamba jeshi lake lilishiriki. Ukiyapima maneno hayo kwa umakini, yalisimama juu ya jambo moja tu: waliovuka kupigana walikuwa Waganda. Hayakugusa kambi ya Kigwa, Tabora, walikolelewa wafuasi wa Obote, wala ruhusa waliyopewa ya kuvuka. Sababu ya tahadhari hiyo inaeleweka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na kukiri kungempa Amin ushindi wa kisiasa juu ya ule wa vita. Mwalimu Nyerere alipeleka askari mpakani, lakini hakulipiza mabomu yale.

Oktoba 5, kwa usuluhishi wa Rais Siad Barre wa Somalia, pande mbili zilitia saini makubaliano ya Mogadishu. Kila upande uondoe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, uache propaganda za uhasama, na usiruhusu ardhi yake itumike kumhujumu mwenzake. Hayakusema nani alikosa, na ndiyo maana yaliweza kutiwa saini.

Kama mbinu ya kuzuia vita, ukimya huo ulifanya kazi. Vita kamili havikuzuka hadi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978. Makosa ya kijeshi nayo yalisahihishwa. Mwaka 1979 shabaha zilikuwa zile zile, Masaka na Mbarara, lakini safari hii Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ndilo lililotangulia, likiwa na mizinga yake, bila kungoja wananchi wainuke. Miji yote miwili ilianguka Februari, na Kampala ikafuata Aprili 11.

Lakini jeshi kujifunza hakutoshi. Familia zilizozika watu wao Bukoba zilistahili kuambiwa na serikali yao uamuzi gani ulitangulia mabomu yale. Familia za Uganda zilizopoteza ndugu zao zilistahili hivyo pia. Sehemu kubwa ya maelezo imetoka kwa washiriki wenyewe, akiwamo Museveni katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1997 akiwa rais, na kila mshiriki husimulia akiwa na jina lake la kulinda.

Naikubali hoja ya kunyamaza wakati hatari ingali mlangoni. Siikubali pale hatari inapokwisha na ukimya ukaendelea kana kwamba ni desturi. Taifa lililowaomba wananchi wake wavumilie mabomu lina wajibu wa kuwafungulia kumbukumbu za mwaka 1972, ili mwalimu wa historia wa Busega awafundishe wanafunzi wake kwa ushahidi.