Sifa ya Anayesema "Hili ni Jiwe Tu"

Macho hayana pazia, lakini kuona si kutambua. Katika korongo la Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kila apitaye huona mawe. Mjuzi wa zana za kale huinama, huligeuza moja juani na kujiuliza: aliyelivunja ni mtu, au ni maji?

Swali hilo lina mtego, kwa kuwa mto nao hugonga. Huyabingirisha mawe, huyapasua, kisha huyasaga kingo. Ila mto hugonga ovyo, popote. Mtu hulenga ukingoni, pigo baada ya pigo. Kwa hiyo mjuzi hufuata makovu. Kila kibanzi kilichobanduka huacha kibonde, chenye kishimo karibu na pigo lilipotua na mawimbi membamba yanayosambaa kutoka hapo. Vibonde vikipangana pande zote mbili hadi vikakutana kwenye makali, na jiwe likachongoka mfano wa chozi, basi huenda ni shoka la mkono.

Uchakavu nao husomwa kwa kidole gumba. Matuta yaliyo kati ya kovu na kovu yakiwa butu sawasawa jiwe zima, yamesagwa na maji. Makali yakiwa yamelika peke yake huku matuta yangali yanakwaruza, jiwe halikusafiri mbali, na pengine lilichakaa kazini. Itale huleta taabu zaidi: chembe zake ni kubwa, na mawimbi ya pigo hayaonekani wazi kama kwenye kioo cha volkano.

Hata hivyo jiwe moja halijitoshelezi. Mtafiti Clark Howell na wenzake walipochimba Isimila mwaka 1957 na 1958, tabaka la mchanga na udongo ambamo kila zana ililala lilikuwa nusu ya habari yake. Anayelitia jiwe mfukoni huondoka na umbo, habari akaiacha chini.

Wengi husifu jicho linalogundua. Mimi namsifu zaidi yule anayepima mawe chungu nzima mchana kutwa, mengi akayarudisha palepale akisema ni mawe tu, ilhali wenzake wanatamani kusikia vingine. Bila ukali huo, kila kokoto la mtoni lingeitwa shoka, na kazi ya wachongaji wenyewe isingetofautika na ya mafuriko.