Falsafa ya Mwalimu Mpya Katika Mizani ya Mbau

Walimu wengi wapya wa shule za msingi, kabla hawajakabidhiwa darasa, huwa wamekwisha kuandika insha fupi iitwayo "Falsafa Yangu ya Elimu". Huiandika chuoni ili wapate alama, au huiambatisha na barua ya kuomba kazi. Insha hii imekuwa utanzu kamili: ina mianzo yake, msamiati wake na tamathali zake. Hata hivyo wahakiki wetu, walio wepesi wa kuzipima riwaya na tenzi, hawajaupa utanzu huu nafasi. Katika makala hii tunakusudia kuusoma kama tunavyosoma maandishi mengine yoyote, yaani kuuliza unasema nini, unamwambia nani, na unanyamazia nini. Na ili tusihukumu hewani, tutaupima kwa mahali pamoja: Mbau, tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, katika Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji.

Tuanze na lugha yake. Tamathali zinazotawala insha hizi ni tatu. Ya kwanza ni bustani: mwalimu ni mtunzaji na mtoto ni mche. Ya pili ni mshumaa: mwalimu huungua ili wengine waone. Ya tatu ni udongo wa mfinyanzi, nayo hupewa nguvu na methali yetu isemayo "udongo uwahi ungali maji". Kila moja ina uzuri wake. Lakini tukiziweka pamoja tunagundua kwamba zina upungufu mmoja. Mche hausemi, udongo hausemi, na anayeangaziwa na mshumaa hatumsikii akisema. Mtoto wa insha hizi hana ulimi. Hana pia wazazi, wala kijiji, wala jambo alilolijua kabla ya kufika shuleni. Ni "mtoto" tu, kwa umoja, asiye wa mahali popote.

Vitenzi navyo ni vilevile: kukuza, kujenga, kuwezesha, kuhamasisha. Ni vitenzi ambavyo hakuna awezaye kuvipinga, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Kisha huja majina ya wakubwa: Dewey, Montessori, Freire. Tumtazame huyu wa mwisho. Paulo Freire, Mbrazili, alilaumu ufundishaji unaomfanya mwanafunzi kuwa kama ghala ambamo mwalimu huweka akiba ya maarifa. Ajabu ni kwamba jina la Freire lenyewe sasa huwekwa ndani ya insha kwa namna ileile aliyoikataa: limepokewa, limehifadhiwa, na siku ya mtihani limetolewa kama lilivyoingia.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa la utanzu huu ni kwamba haukatai kitu. Falsafa isiyokataa kitu haijachagua kitu. Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuzilinganisha insha hizi na maandishi mawili ya elimu yaliyozaliwa katika eneo letu.

La kwanza ni "Elimu ya Kujitegemea", aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha. Andiko hilo linakataa waziwazi. Linakataa shule inayomtenga mtoto na wazee wake, linakataa kitabu kuwa chemchemi pekee ya maarifa, na linakataa elimu ya msingi iwe ngazi tu ya kupandia sekondari, kwa kuwa watoto wengi wa nchi ile hawangefika huko. Lina mahali pake, napo ni nchi ya wakulima wa vijijini. Kwa kuwa lilisema jambo, liliweza pia kuhojiwa. Katika shule nyingi lile shamba lililokusudiwa kuwa darasa liligeuka kuwa kazi ya bure, na mahali pengine adhabu. Msomaji aliweza kulishika andiko mkononi na kusema: hapa tumekwenda kinyume. Insha ya mche na mshumaa haimpi msomaji nafasi hiyo, maana hakuna darasa lolote duniani linaloweza kuivunja ahadi yake.

La pili ni fikra za FRELIMO juu ya shule, hasa hotuba za Samora Machel za miaka ya 1970. Hizi zinatukaribisha Mbau, kwa kuwa vita vya ukombozi vilianza hukohuko Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, na katika maeneo yaliyokombolewa ya jimbo hilo shule zilifunguliwa kabla vita havijakwisha. Zilikuwa na jambo zito la kukataa. Kwa sheria ya mwaka 1941 Wareno walikuwa wameyakabidhi mafunzo ya watoto wa Kiafrika kwa misheni za Kikatoliki, kwa kiwango cha chini na kwa kusudi la kuwafanya wawe watumishi watiifu wa Ureno. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, zaidi ya watu tisini katika kila mia hawakujua kusoma wala kuandika. Machel alitaka shule iwe ngome ambayo wananchi wangeishikia madaraka.

Lakini fikra hizo zilikataa pia jambo la pili. Pamoja na ukoloni zilitupa mengi ya mafunzo ya jadi, na Kireno kikafanywa lugha ya shule na ya umoja. Sababu yake haikuwa ndogo: mpiganaji Mmakonde na mwenzake kutoka kusini ya nchi walihitaji kuelewana. Hata hivyo gharama yake ililipwa na mtoto wa darasa la kwanza, ambaye aliuacha ulimi wake nje ya mlango, pamoja na ndala zake. Hapa tunaona kwamba hata falsafa yenye ujasiri huweza kukataa kupita kiasi. Lakini twaweza kuona kosa lake kwa sababu tu imejieleza.

Sasa tumfikirie mwalimu kijana aliyepangiwa Mbau, na insha yake mfukoni. Mbele yake wameketi watoto ambao nyumbani husema Kimwani, Shimakonde au Kimakua. Kimwani ni ndugu wa karibu sana wa Kiswahili, na katika pwani hiyo Kiswahili chenyewe kinasikika na kueleweka na wengi. Watoto hao si udongo mbichi. Wengi wa watoto wa Kiislamu wamekwisha kukaa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani, wakazijua herufi na utaratibu wa kujifunza. Tena kusoma si jambo geni huko: katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kihistoria mjini Maputo zimo barua za karne ya 19 ambazo wakuu wa pwani ya kaskazini waliwaandikia watawala wa Kireno kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu anayefika na mshumaa wake akidhani ameikuta giza tupu, ameanza kwa kukosea.

Kuna jambo zito zaidi. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaenea katika wilaya za kaskazini. Miongoni mwa mambo waliyoyapinga ni shule za serikali. Mbau ilikuwa moja ya ngome zao, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoiteka mwezi Agosti 2021. Kufikia mwaka 2022 karibu watu milioni moja walikuwa wamehama makwao, na wengi wamerejea baadaye. Kwa hiyo katika sehemu hiyo neno "shule" limekwisha kugombaniwa kwa bunduki. Mzazi anayemleta mtoto wake darasani anafanya uamuzi, na ana haki ya kumwuliza mwalimu: wamfundisha mwanangu nini, na wamtaka awe nani? Kumjibu kwamba mwanawe ni mche ni kumdharau.

Tuziweke basi insha hizi mbele ya maswali ya asubuhi ya kwanza. Mwalimu atawaamkia watoto kwa lugha gani? Kijana wa miaka kumi na mitatu aliyepoteza miaka minne ya masomo atakaa wapi: pamoja na wadogo wa miaka sita, au nyumbani? Mtoto aliyesikia milio ya risasi atapigwa kiboko kwa kuchelewa? Mwalimu atakwenda kumsalimu yule wa chuoni, au atajifanya hamwoni? Katika insha za namna hii tulizozisoma, maswali kama haya hayakujibiwa. Na majibu yake ndiyo falsafa yenyewe.

Juu ya swali la lugha, mlango u wazi kuliko zamani. Baada ya majaribio ya 1993 hadi 1997 katika majimbo ya Gaza na Tete, mtaala wa mwaka 2004 uliruhusu kufundisha kwa lugha za nyumbani katika madarasa ya mwanzo, Kimwani na Shimakonde zikiwamo, na Kireno kuingia hatua kwa hatua. Lakini ruhusa si utendaji. Mwalimu aliyetoka jimbo jingine huenda asijue hata salamu ya Kimwani, na insha yake haikumwambia kwamba itampasa ajifunze kabla ya kufundisha.

Hapa nasi walimu wa Kiswahili tujiangalie. Ni rahisi kwetu kusema kwamba dawa ya Mbau ni Kiswahili. Kinaweza kuwa daraja, naam. Lakini Tanzania tulipokifanya Kiswahili lugha ya shule za msingi, tulifanya jambo kubwa la heshima, na wakati uleule lugha nyingi za nyumbani zilibaki nje ya mlango kama zilivyobaki Mbau mbele ya Kireno. Tusimwombee Mmwani jirani aondolewe mlango mmoja ili afungiwe mwingine.

Huenda ikasemwa kwamba tunamwonea kijana wa miaka ishirini ambaye hajafundisha hata muhula mmoja. Twakubali. Lawama si yake peke yake. Sisi wakufunzi ndio tunaolitunga swali, na sisi ndio tunaosahihisha. Tumezizawadia bustani na mishumaa, naye ametuandikia tulichokipenda. Kama utanzu umedumaa, umedumaa chini ya kalamu yetu nyekundu.

Kwa hiyo tunapendekeza swali lenyewe libadilishwe. Badala ya kumwuliza mwalimu mpya anaamini nini, tumpe mahali palipo na jina, tumwulize atakataa nini, atamweleza mzazi kwa maneno gani, na kwa lugha ipi. Kisha, baada ya mwaka mmoja wa kufundisha, aandike tena, na insha zote mbili zisomwe pamoja. Ile ya pili huenda ikawa fupi zaidi na yenye methali chache zaidi. Huenda ndani yake mtoto akawa na jina, na mwalimu akakiri kwamba salamu ya Kimwani alifundishwa na mwanafunzi wake. Insha ya namna hiyo tungeisoma kwa heshima tunayoipa kazi yoyote njema ya fasihi, na tungempa mwandishi wake darasa bila wasiwasi.