Neno "Ruba" na Tatizo la Uainishaji

Neno ruba, pamoja na mwenziwe mruba, limebebeshwa katika Kiswahili mzigo unaolizidi. Maneno hayo mawili hutofautiana kwa ngeli tu, si kwa kiumbe. Mwandishi atakaye kubainisha huongeza "wa tiba", naye habainishi kitu, kwani tiba ni matumizi, si aina. Hata lugha ya sayansi imejikwaa hapo. Linnaeus alimwita mmoja wao Hirudo medicinalis mwaka 1758. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ukaonyesha kuwa ruba waliokuwa wakiuzwa kwa jina hilo walikuwa, kwa sehemu kubwa, Hirudo verbana. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekwisha kuidhinisha uuzaji wao mwaka 2004, kwa jina lisilo lao!

Mjini Goma, ambako somo la biolojia hutolewa kwa Kifaransa na mazungumzo ya mitaani ni Kiswahili, pengo hili huonekana wazi zaidi. Kaskazini ya mji, katika hifadhi ya Virunga, wapo viboko. Na barani Afrika yuko ruba wa mnyama huyo, Placobdelloides jaegerskioeldi, akaaye katika utumbo wake wa mwisho. Huyu hana taya, hufyonza kwa mrija. Hirudo ana taya tatu zenye meno, na jeraha lake lina matawi matatu. Kumwita kila mmoja ruba, basi, ni kumnyima mwanafunzi tofauti iliyo bayana. Ruba-taya na ruba-mrija ni istilahi zinazofaa zaidi kuanzia. Habari za hospitali zingoje.