Nani Alimuuzia Yule Kijana Sigara?

Michezo ya shule ya kupinga sigara unaijua hata kama hujawahi kuitazama. Kijana mzuri, marafiki wabaya, fegi moja nyuma ya choo, kikohozi, jeneza, mama analia. Watazamaji hucheka hapo kwa kikohozi, mwalimu mkuu hupiga makofi, kisha watu huenda zao kula githeri. Nia ni safi, sibishi. Lakini jukwaa zima halina muuzaji. Sigara inatokea tu mkononi mwa kijana, utadhani imeota hapo.

Kama kilabu cha drama cha shule za huku Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, kingeniuliza (hakitaniuliza, niliacha chuo), ningesema waanzie kwa kibanda. Sigara moja moja, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi ili kisiibwe, mtoto ana chenji ya sukari aliyotumwa. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na pia inakataza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Kwa hiyo ile moja tu ni kosa, mchana kweupe, linafanywa na mama anayejua jina la mamako. Na yeye pia ana karo ya kulipa. Hiyo ndiyo drama. Jeneza ni rahisi mno.

Halafu hicho kikohozi kimepitwa na wakati. Vifuko vya nikotini vya LYFT vilipoingia Kenya 2019, vilikuja kwa mkebe mdogo msafi, bila moshi na bila harufu. Oktoba 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema vilisajiliwa kinyume cha sheria. Vikarudi 2022 kwa jina la Velo. Mwanafunzi anaweza kukaa na kifuko chini ya mdomo gwarideni, mwalimu amesimama hapo karibu, na hakuna atakayekohoa. Tunga mchezo juu ya huo ukimya, basi.

Watoto wa Isecheno wana kitu ambacho watoto wa Nairobi hawana. KEEP, shirika la wenyeji wa hapa, limewafundisha wanafunzi mambo ya msitu tangu miaka ya 1990. Wanajua mti ni nini. Tumbaku inayokaushwa kwa moto hula kuni nyingi, na sijaona mchezo hata mmoja wa shule uliotaja hilo. Wala Migori, ambako wakulima kadhaa wameacha tumbaku wakapanda maharage yenye madini ya chuma, kwa msaada wa WHO, FAO na WFP. Kuna mhusika pale: mzee mwenye tanuri lililopoa, anahesabu magunia ya maharage.

Kwa mwaka ujao, basi, kijana asife. Na mama wa kibanda apewe mistari, mingi kuliko ya daktari.