Nyumbu na Mpaka

Katika mwaka wa 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege yenye milia ya punda, wakahesabu wanyama zaidi ya 360,000. Kitabu chao, Serengeti Isife, kilitoka mwaka 1959, nacho kina huzuni ya kweli, maana Michael alikufa Januari ya mwaka huo ndege ilipogongana na tumbusi. Huzuni hiyo isimzuie msomaji kupima hoja.

Ushahidi wake mkuu ni kwamba nyumbu hajui mpaka: hufuata majani hata nje ya mistari iliyokuwa ikichorwa upya na serikali ya kikoloni. Ushahidi ni mzuri. Hukumu iliyojengwa juu yake ni dhaifu. Kitabu chataka hifadhi isikaliwe na mtu, hata mwenyeji. Lakini mnyama avukaye mpaka uhai wake u mikononi mwa wachungaji wa ng'ambo, na jicho la angani huhesabu vichwa tu, halioni desturi zao. Nyumbu wazaapo, Mmasai huondoa ng'ombe wake katika majani mabichi, kwani ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe maradhi ya kuua. Huo nao ni mpango wa kugawana nchi, tena wa gharama.

Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa Serengeti; Ngorongoro ikatengwa iwe ya watu na wanyama pamoja. Tangu 2022 baadhi ya wakazi wake wamehamishiwa Msomera. Nyumbu wangali wakivuka.