Rosa Mistika na Ugeni wa Chuoni

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, husomwa na wengi kama onyo juu ya mabweni: binti mwema aliondoka Ukerewe, akaharibiwa na shule, kisha na chuo cha ualimu cha Morogoro. Kwa maoni yangu, usomaji huo haumtendei haki mwandishi.

Na tutazame mpango wa kisa. Kabla Rosa hajaondoka nyumbani, tumekwisha kumwona baba yake, Zakaria, akimpiga kwa sababu ya barua ya Charles. Kipigo kile kilimfunza kuwaogopa wanaume, wala hakikumfunza kuwapima. Ndiyo maana shuleni awakwepa kwanza. Lakini hofu hiyo ilitegemea macho ya baba, na baba alipokuwa mbali ililegea, naye hakuwa na kitu kingine cha kushika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Riwaya hii yaonyesha kwamba hata amlizaye mwana huweza kulia.

Upungufu upo. Makosa ya Rosa yafuatana kwa haraka mno, na upweke wake moyoni hatuuoni vya kutosha.

Hata hivyo, waliopata kukipiga marufuku kitabu hiki mashuleni walitenda kama Zakaria: walimkinga kijana asione, wakamwacha aende ugenini bila ya kufunzwa.