Neno "Manukuu" na Haki ya Kiziwi

Maandishi yapitayo chini ya picha za video katika intaneti yamepewa jina la manukuu. Jina hili latosha nusu ya kazi. Kunukuu ni kuyahamisha maneno kama yalivyosemwa. Lakini mwongozo uliotolewa na World Wide Web Consortium mwaka 2008 wadai zaidi: kiziwi aandikiwe maneno, na pia kila sauti isiyo neno ambayo bila ya hiyo habari haifahamiki. Anukuuye maneno peke yake ametimiza jina, hakulipa deni. Deni hilo Kenya ililikubali mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009, ziliporidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu.

Katika Kiswahili upungufu huanza ndani ya maneno yenyewe. Mara nyingi swali halina alama ila mpando wa sauti. "Mama amekuja" ni habari. Sauti ikipanda, ni swali, na herufi ni zile zile. Mashine ya kuandika usemi ikiiacha alama ya kuuliza, kiziwi husoma habari mahali pa swali, na jibu lifuatalo likaonekana upuuzi.

Kwa sauti zisizo maneno, mwandishi huvutwa na utajiri wa tanakali: "Chubwi!" Msikizi hufurahi. Aliyezaliwa kiziwi hana sauti ya kulinganisha nayo. Na kama lugha yake ya kwanza ni lugha ya alama, Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Yaweza kujibiwa kuwa tanakali ni maneno, na maneno hufundishika. Ni kweli, lakini maandishi haya hukaa machoni sekunde chache tu, wala hayangojei kamusi. "Kitu chatumbukia kisimani" si tamu kama "chubwi", lakini hueleza nini kimetokea, na wapi.

Yafaa basi neno manukuu libaki kwa maneno yaliyonenwa, na kazi nzima iitwe maandishi ya sauti. Huenda badiliko hili likaonekana dogo. Hata hivyo, fundi hupima kazi yake kwa jina aliyopewa nalo: aliyeagizwa kunukuu hatauandika mlio wa bunduki nje ya mlango, na kiziwi hatajua kwa nini watu wote chumbani wamelala chini.